Kampuni Mbili za Simu Zilipotaka Kuungana

Ndugu msomaji, leo tutasoma habari za kampuni za simu. Usigeuze ukurasa ukasema hayo ni mambo ya watu wa mjini. Siku hizi simu imo kibindoni mwa mkulima, na imo katika pindo la khanga ya mama anayeuza dagaa. Kila unaponunua vocha, unalipa kampuni fulani. Bei ya vocha hiyo haishuki kutoka mbinguni. Inategemea wauzaji ni wangapi, na ni nani kati yao mwenye nguvu kuliko wenzake.

Habari yenyewe ilitokea kwa jirani zetu wa Kenya. Tarehe 8 Februari 2019, kampuni mbili za simu, Airtel na Telkom, zilitangaza kwamba zimekubaliana kuungana. Miaka yote kampuni hizo zilikuwa zikigombania wateja. Sasa zikataka kuwa kitu kimoja. Kwa nini? Kwa sababu mbele yao alisimama mkubwa mmoja, Safaricom, na kila moja peke yake ilikuwa imeshindwa kumfikia.

Je, wadogo wawili wakiungana watamweza mkubwa? Na wewe mnunuzi wa vocha, utafaidika au utaumia? Hayo ndiyo maswali yetu. Tusiyajibu haraka haraka.

KAMPUNI HIZO ZILITOKA WAPI

Wazee wanakumbuka kwamba zamani Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la posta na simu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na kila nchi ikaunda shirika lake. Shirika la Kenya liliendelea mpaka mwaka 1999. Mwaka huo likagawanywa. Barua zilikwenda kwa shirika la posta. Simu zilikwenda kwa kampuni iliyoitwa Telkom Kenya. Kazi ya kusimamia wote ikapewa tume ya mawasiliano. Kwa hiyo Telkom ndiyo iliyorithi nguzo na nyaya za simu nchi nzima.

Sasa sikiliza jambo hili. Safaricom ilizaliwa nyumba hiyo hiyo. Ilianza kama tawi la kushughulikia simu za mkononi tu, ikaandikishwa kuwa kampuni mwaka 1997. Mwaka 2000 kampuni ya Vodafone ya Uingereza ikanunua asilimia 40 yake. Asilimia 40 maana yake ni hivi: ukigawa kitu mafungu 100 yaliyo sawa, mwenzako anachukua mafungu 40. Tangu hapo Safaricom ikakua, ikakua, mpaka mtoto akampita mzazi kimo.

Mwaka huo huo wa 2000 akaingia mshindani, jina lake Kencell. Mwaka 2004 akaitwa Celtel. Mwaka 2008 akaitwa Zain. Mwaka 2010 kampuni ya Bharti kutoka India ikainunua, jina likawa Airtel. Majina manne katika miaka kumi! Mteja akizoea rangi ya bango, kesho anakuta linapakwa rangi nyingine. Duka likibadili mwenyewe kila mara, wateja huanza kujiuliza kama mwaka ujao litakuwapo. Mimi naona hilo peke yake liliisaidia Safaricom sana, maana yeye jina lake halikubadilika hata siku moja.

Telkom nayo ilipita mikono mingi. Mwaka 2007 serikali ya Kenya iliuza asilimia 51 kwa kampuni ya Ufaransa, France Telecom, na simu zake za mkononi zikauzwa kwa jina la Orange. Mwaka 2016 Wafaransa wakaondoka. Ikaingia Helios, kampuni ya kuwekeza mitaji yenye makao yake London, ikashika asilimia 60. Serikali ikabaki na 40.

Kulikuwako na kampuni nyingine tena iliyoitwa yu. Ilianza kuuza mwaka 2008, na mwaka 2014 ikashindwa, ikafunga. Wateja wake walichukuliwa na Airtel. Mitambo na minara yake ikachukuliwa na Safaricom. Angalia hapo vizuri. Mdogo alipokufa, hata mkubwa alipata fungu katika urithi.

NGUVU YA MKUBWA INATOKA WAPI

Wakati lile tangazo la mwaka 2019 linatolewa, hali ilikuwa hivi. Katika kila laini 100 za simu nchini Kenya, karibu 63 zilikuwa za Safaricom. Airtel ilikuwa na kama 23. Telkom ilikuwa na kama 9. Zilizobaki zilikuwa za wengine wadogo zaidi.

Mzee mmoja darasani anaweza kuuliza: "Mwalimu, kwani si wajitahidi tu? Wapunguze bei, wateja watakuja wenyewe." Swali zuri, mzee. Tulifikirie kwa mfano wa kijijini.

Tuseme kijiji kina mashine tatu za kusaga unga. Moja ni kubwa, mbili ni ndogo. Mwenye mashine ndogo akipunguza bei, wewe utabeba debe lako la mahindi uende kwake. Unga wake ni unga ule ule. Hujali jirani yako amesaga wapi. Kwa hiyo mwenye mashine ndogo anaweza kumnyang'anya mkubwa wateja mmoja mmoja.

Lakini simu si mashine ya kusaga. Simu ni kama gulio. Gulio ni gulio kwa sababu ya watu. Muuza nyanya anakwenda Jumamosi mahali fulani kwa sababu wanunuzi wako pale. Wanunuzi nao wanakwenda pale kwa sababu wauzaji wako pale. Mtu akianzisha gulio jipya upande wa pili wa mto, hata akisema ushuru ni bure, siku ya kwanza atakaa na kuku wake watatu peke yake. Simu iko namna hiyo. Ukiwa katika mtandao wenye watu wengi, unawapata watu wengi kwa bei nafuu na bila matatizo. Ndiyo sababu aliye mkubwa anazidi kuwa mkubwa, hata kama bei zake si za chini kuliko wote.

Halafu kuna pesa. Mwezi Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa, yaani njia ya kutuma pesa kwa simu. Wakenya wengi waliokuwa wakifunga noti katika bahasha na kumpa kondakta wa basi, wakaacha. Kila duka la kijijini likataka kuwa wakala. Kadiri mawakala walivyozidi, wateja walizidi, na kadiri wateja walivyozidi, mawakala walizidi. Ilipofika mwaka 2020, katika kila akaunti 100 za pesa za simu nchini Kenya, karibu 99 zilikuwa za M-Pesa. Fikiri sasa. Wewe kijana uko Nairobi, mama yako yuko Kakamega, na duka la karibu naye lina M-Pesa tu. Airtel ikuuzie dakika kwa bei ya bure kabisa, utaitupa laini ya Safaricom? Hutaitupa. Utanunua ya pili, utaweka zote mbili. Na ndivyo walivyofanya Wakenya wengi: laini ya Airtel ya kuzungumza, laini ya Safaricom ya pesa.

HESABU YA KUVUKA

Chukua kalamu na karatasi, ndugu msomaji. Hapa pana hesabu ndogo, na ndiyo inayoonyesha mambo.

Unapopiga simu kutoka Airtel kumtafuta mtu wa Safaricom, sauti yako inavuka kutoka shamba moja kwenda shamba jingine. Mwenye shamba la pili anadai ada kwa kila dakika. Tuiite ada ya kuvuka. Huilipi wewe moja kwa moja. Inalipwa na kampuni yako, nayo inaiweka katika bei unayotozwa.

Mpaka mwaka 2010 ada hiyo nchini Kenya ilikuwa shilingi 4 na senti 42 kwa dakika. Mwaka huo tume ya mawasiliano iliikata katikati, ikawa shilingi 2 na senti 21. Mara moja, mwezi Agosti 2010, kampuni iliyokuwa ikiitwa Zain (hiyo hiyo iliyokuja kuitwa Airtel) ikashusha bei ya simu mpaka shilingi 3 kwa dakika, kwenda mtandao wowote. Safaricom na wengine nao wakalazimika kushusha.

Tupige hesabu ya Zain. Mteja analipa shilingi 3.00. Ada ya kuvuka ni shilingi 2.21.

3.00 – 2.21 = 0.79

Kampuni inabaki na senti 79 kwa dakika. Humo ilipe mishahara, dizeli ya majenereta ya minara, walinzi na kodi. Ni faida nyembamba kama uzi. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa ada ya zamani ya 4.42. Utaona kwamba kampuni ingepata hasara ya shilingi 1 na senti 42 kwa kila dakika ya kuvuka. Isingeweza kamwe kuuza kwa shilingi 3. Kwa hiyo bei haikushuka kwa sababu mtu fulani alikuwa na moyo mwema. Ilishuka kwa sababu ada ya njiani ilikatwa. Miaka iliyofuata ikakatwa tena, na kufikia mwaka 2015 ilikuwa senti 99.

Sasa tuirudishe hesabu kwenye ule muungano. Wewe ni mteja wa Airtel. Katika watu 100 unaoweza kuwapigia, 23 wako shamba lako. Telkom ikija, wanaongezeka 9.

23 + 9 = 32

Watu 63 bado wako ng'ambo, kwa Safaricom. Maana yake simu zako nyingi zitaendelea kuvuka, na kampuni yako itaendelea kulipa ada. Mteja wa Safaricom yeye watu 63 anao nyumbani. Umeona? Kujumlisha mdogo na mdogo kunaleta mdogo mnene zaidi. Hakuleti mkubwa wa pili.

Sisemi kwamba kuungana hakuna faida. Tuiangalie.

WALITARAJIA NINI

Kwanza minara. Kampuni mbili zikiwa na vifaa vyao juu ya kilima kimoja, zinalipia kodi mara mbili, umeme mara mbili, mafundi mara mbili. Zikiungana zinalipa mara moja. Pesa inayobaki wanaweza kujengea mnara mahali ambapo hapakuwa na mtandao.

Pili ni masafa. Neno hili ni gumu kidogo, tulieleze. Ukizungusha kisu cha redio, utakuta kila kituo kina mahali pake. Vituo viwili haviwezi kukaa mahali pamoja, vitagongana na utasikia kelele tu. Simu nazo husafiri hewani namna hiyo hiyo, na kila kampuni hupewa sehemu yake ya hewa na serikali. Sehemu hiyo ndiyo masafa. Ni kama njia ya ng'ombe kwenda mtoni: ikiwa nyembamba na ng'ombe ni wengi, watasongamana. Telkom ilikuwa na masafa lakini wateja wachache. Kuungana kungeipa kampuni mpya njia pana zaidi.

Mpango wao ulikuwa kuunganisha biashara ya simu za mkononi, huduma za makampuni na usafirishaji wa mawasiliano ya wengine, chini ya kampuni moja ya ubia. Ubia ni watu wawili kuweka mali pamoja na kugawana faida na hasara. Telkom ilipewa nafasi ya kushika hisa mpaka asilimia 49. Majengo na viwanja vya Telkom, pamoja na kazi fulani za serikali, vilibaki nje ya ubia. Ni jambo la busara kujua hilo, maana mara nyingi mali ya shirika kongwe haiko kwenye mitambo. Iko kwenye viwanja.

Lakini ile faida ya kulipa fundi mmoja badala ya wawili ina upande wake wa pili. Fundi wa pili ni mtu. Ana watoto. Mwaka 2019 huo huo Telkom iliwapa taarifa wafanyakazi zaidi ya 500 kwamba kazi zao zitakwisha kwa sababu ya muungano. Wenye kampuni wanapoandika "kupunguza gharama", huko nyumbani kwa mtu neno hilo husomwa kwa namna nyingine.

KWA NINI SERIKALI IINGILIE

Mtu anaweza kusema: kampuni ni zao, wakitaka kuungana waungane, serikali inatafuta nini? Turudi kijijini. Wafanyabiashara watatu wananunua pamba yenu. Wawili wanakuwa mmoja. Sasa wamebaki wawili. Wawili hao ni rahisi kukutana jioni, wakanywa chai, wakakubaliana bei. Watatu ni vigumu kidogo. Kwa hiyo nchi nyingi zina sheria kwamba kampuni kubwa haziungani mpaka mamlaka ya ushindani ikubali. Kenya ina Mamlaka ya Ushindani, na pia Mamlaka ya Mawasiliano inayogawa masafa. Muungano huu ulihitaji kupita kote kuwili.

Njia ilikuwa na miiba. Safaricom ilipeleka hoja zake, ikataka madeni ambayo kampuni hizo mbili zilikuwa zikidaiwa yalipwe kwanza, na suala la masafa liangaliwe. Si ajabu, bwana; nani atashangilia wapinzani wake wakishikana mikono? Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi nayo ikataka shughuli isimame kwanza, kwa sababu ilikuwa ikichunguza jinsi mali ya umma ilivyoshughulikiwa katika mauzo ya Telkom ya miaka ya nyuma.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wachache walilisema kwa sauti. Wakati huo serikali ya Kenya ilikuwa na asilimia 40 ya Telkom. Lakini pia ilikuwa na asilimia 35 ya Safaricom. Safaricom ikipata faida, serikali inapata gawio kubwa kila mwaka. Telkom ikipata hasara, serikali inaumia. Na serikali hiyo hiyo ndiyo mwamuzi wa mchezo. Ni kama mtu aliye na ng'ombe katika mazizi yote mawili, halafu anaitwa kusuluhisha ugomvi wa malisho. Sisemi kwamba aliamua vibaya. Nasema kwamba mtu wa namna hiyo ana sababu nyingi za kukawia.

Mwezi Desemba 2019 Mamlaka ya Ushindani ilikubali, lakini kwa masharti. Kampuni mpya isiuzwe kwa muda wa miaka 5. Masafa fulani ya Telkom yarudi serikalini leseni yake itakapokwisha. Wafanyakazi zaidi ya 300 wasipoteze kazi. Masharti ya kuwalinda watu yalikuwa mazuri. Sharti la masafa liligusa moyo wa mpango, kwa sababu ile njia pana ilikuwa moja ya vitu walivyovitafuta. Ni kama kuambiwa, "Mwoe binti, lakini shamba la mahari litarudi kwa wajomba."

Tarehe 5 Agosti 2020 Telkom ikatangaza kwamba imeacha mpango huo. Ilisema kupata vibali vyote kumekuwa na vikwazo, na kwamba itatafuta njia nyingine. Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita tangu lile tangazo la kwanza.

IKAWAJE BAADAYE

Mwaka mmoja na nusu ni muda mrefu katika biashara. Fundi anayejua ataachishwa hajitumi. Mteja anayesikia kampuni yake inauzwa hanunui laini mpya. Telkom ilidhoofika. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ililipa zaidi ya shilingi bilioni 6 za Kenya kuchukua sehemu ya Helios, na bunge likauliza maswali mengi kuhusu malipo hayo. Mwaka 2023 kampuni yenye minara iliyokuwa ikipangishwa kwa Telkom ikazima mitambo kwa sababu ya deni, na wateja wengi wakabaki bila mtandao. Kufikia mwaka 2024 Telkom haikuwa hata na laini 5 katika kila 100.

Airtel je? Airtel iliendelea peke yake, ikauza vifurushi vya bei nafuu, ikajenga minara. Kufikia mwaka 2024 ilikuwa na kama laini 30 katika kila 100. Linganisha na ile hesabu yetu ya 23 + 9. Imefika karibu pale pale ambapo muungano ungeifikisha, bila kufunga ndoa. Na Safaricom? Bado ilikuwa na kama 65. Hakutikisika.

Kwa hiyo mimi nikitazama habari hii yote, naona kwamba kilichomsaidia mwananchi wa Kenya hakikuwa ule muungano, wala kuvunjika kwake. Kilichomsaidia ni kanuni zilizofungua milango ya gulio lile kubwa ili wengine nao waingie. Mwaka 2010 ada ya kuvuka ilikatwa, bei ikashuka, na mwanakijiji aliyekuwa akibipu tu akaanza kuzungumza. Mwaka 2014 Mamlaka ya Ushindani ilisema kwamba wakala wa M-Pesa yuko huru kufanya kazi na kampuni nyingine pia katika duka lile lile. Mwaka 2018 ikawezekana kutuma pesa kutoka simu ya mtandao mmoja kwenda mtandao mwingine moja kwa moja.

Si kila kanuni ilizaa. Mwaka 2011 Wakenya waliruhusiwa kuhama kampuni huku wakibaki na namba zao zile zile. Wachache tu walihama. Unahamaje, na pesa zako na wakala wako wamebaki kule?

Hapa kwetu Tanzania jambo hilo la pesa kuvuka lilianza mapema zaidi, mwaka 2014, baadhi ya kampuni zilipokubaliana kupokeana. Labda ndiyo sababu moja kwa nini kwetu hakuna kampuni iliyoshika karibu laini mbili katika kila tatu, kama ilivyo kule. Hata sisi tumeona kampuni zikiungana: Millicom, iliyokuwa mwenye Tigo, ilinunua Zantel mwaka 2015. Lakini kwetu wauzaji walibaki kadhaa wenye nguvu zinazokaribiana, na mkulima wa Kahama au Newala bado anaweza kusema, "Ukinipandishia, nahamia kwa mwenzako."

MASWALI YA KUJIBU KATIKA KIKUNDI

1. Kampuni gani mbili zilitaka kuungana mwaka 2019? Kampuni gani ilikuwa kubwa kuliko zote?

2. Mwandishi anasema simu ni kama gulio, si kama mashine ya kusaga. Elezeni tofauti kwa maneno yenu wenyewe. Je, mnakubaliana naye?

3. Fanyeni hesabu: kampuni inatoza shilingi 3.00 kwa dakika. Ada ya kuvuka ni senti 99. Kampuni inabaki na kiasi gani? Katika dakika 10 itabaki na kiasi gani?

4. Kila mmoja aseme ana laini ngapi, na kwa nini. Andikeni majibu ubaoni. Ni wangapi wamechagua kampuni kwa sababu ya bei? Ni wangapi kwa sababu ya wakala wa pesa aliye karibu?

5. Kijijini kwenu kuna wanunuzi wangapi wa mazao? Wawili wakiungana, mngeutaka uongozi wa kijiji uweke masharti gani?